Programu ya mauzo inayojua mtandao umekata: tumeitumia msimu mzima, Mtwara na Newala

Sisi tunauza pembejeo za korosho. Duka kubwa liko Mtwara mjini, Chikongola, na tawi liko Newala. Kazi yetu hasa ni miezi ya kupulizia, kuanzia Juni: mikorosho ikitoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga ukaanza kuonekana, watu wanakuja kwa mkupuo. Huyu anataka dawa ya maji, huyu salfa, huyu plagi ya bomba la injini la kupulizia, na wote wanataka sasa hivi, kwa sababu bodaboda inasubiri nje na salfa hupulizwa alfajiri kabla upepo haujachangamka. Mteja wa namna hiyo humwambii asubiri mtandao.

Nimeanza na hilo ili ieleweke kwa nini naandika maneno mengi hivi kuhusu jambo ambalo wengi wanaliona dogo: programu ya mauzo inafanya nini mtandao unapokata, na inafanya nini unaporudi. Kwangu mimi hilo ndilo la kuulizia kwanza, kabla ya bei na kabla ya ripoti.

Programu ninayoizungumzia tumetengenezewa na kijana mmoja wa hapa Mtwara anayefanya kazi peke yake. Hana ofisi wala bango, nilielekezwa kwake na jirani yangu mwenye steshenari. Inafanya kazi kwenye Windows, kwenye kompyuta ya mezani hapa Mtwara na laptopu ya zamani kule Newala. Tulimlipa laki tisa kwa kazi yote, na kila mwezi tunampa elfu hamsini za matengenezo na za seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea mauzo ya maduka yote mawili. Tuliifunga Aprili 2025.

Kabla yake tulikuwa na nyingine, tuliyoinunua ikiwa imeshatengenezwa. Ilikuwa nzuri machoni, na kwa siku zote ambazo mtandao ulikuwa mzima sikuwa na neno nayo. Kumbe ilikuwa inauliza habari za mtandao mara moja tu, asubuhi inapofunguliwa. Ikishaambiwa upo, basi kwake upo mpaka jioni.

Juni 2024 alikuja mzee mmoja kutoka Nanguruwe kuchukua chupa kumi na mbili za dawa. Alilipa nusu, nusu tukamwandikia deni mpaka auze korosho, kama tulivyofanya naye miaka yote. Nikabonyeza Hifadhi. Kiduara kikaanza kuzunguka. Taa za ruta zote zilikuwa zinawaka, kwa hiyo nikajua ni uzito tu wa kawaida, nikabonyeza tena. Foleni ilishafika mlangoni. Nikabonyeza mara ya tatu, kisha nikaizima programu na kuiwasha upya, nikamwandikia mzee risiti kwa mkono, akaenda zake. Usiku mtandao ukarudi, na ankara zote tatu zikaenda.

Stoo ikasoma chupa thelathini na sita zimetoka. Hiyo niliigundua mapema, nikakesha na kauntabuku mpaka nikaiweka sawa. Ambalo sikuligundua ni kwamba deni la mzee nalo lilikuwa limeandikwa mara tatu. Novemba, fedha za mnada zilipoanza kuingia, msichana wetu wa kaunta akampigia simu kumdai kama ilivyosomeka kwenye kompyuta. Mzee hakubishana kwenye simu. Alipanda gari akaja. Akavua kofia, akatoa mfuko wa nailoni alimohifadhi kadi yake ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akaikunjua ile risiti ya mkono na kuilaza kwenye kaunta mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "mimi naijua hii moja." Nilimwomba radhi na alinisamehe, na bado ni mteja wetu. Lakini mtu wa umri wa baba yangu kupanda gari kuja kujitetea kwa kosa la kompyuta yangu ni jambo lililoniuma kuliko hasara yoyote ya mwaka ule.

Na mwaka ule ulikuwa mgumu kwa kila namna. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilipita, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Kabla hatujapumua, Jumapili ya tarehe 12 mwezi uleule, nyaya za chini ya bahari zikakatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Mzigo hauji kwa barabara, taarifa haziji kwa waya. Siku zile programu ya zamani ilikuwa inafunguka vizuri kabisa na kutuambia tumeunganishwa.

Huyu kijana alipokuja alikaa dukani siku mbili kabla ya kuandika chochote. Alikaa kwenye kiti cha pembeni karibu na magunia, akawa anatazama. Swali lake la kwanza lilinifanya nimheshimu: "Mama, ukisema mtandao umekata, wewe huwa unaona nini?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Kwangu yote yalikuwa na jina moja. Yeye akayapanga: waya umechomoka kwenye kompyuta. Waifai imepotea. Ruta iko hai lakini nyuma yake hakuna kitu. Bando limekwisha. Intaneti ipo ila inajikokota. Au intaneti ni nzima na seva yetu ndiyo imelala. Kila moja lina dalili yake, akasema, na programu inayoyachanganya itakudanganya tu hata kama haikusudii.

Alivyonieleza utendaji wake ndivyo ninavyouelewa mpaka leo. Windows yenyewe ina kawaida ya kutangaza mabadiliko: waya ukichomolewa inatangaza, waifai ikishika inatangaza, kompyuta ikipewa anwani mpya inatangaza. Programu inaweza kujiandikisha kusikiliza matangazo hayo, badala ya kukaa inauliza kila sekunde na kuichosha kompyuta bure. Ndiyo hatua ya kwanza, na ile programu ya zamani hata hapo haikufika.

Lakini tangazo hilo peke yake halitoshi. Kuunganishwa na ruta siyo kuwa na intaneti. Windows huwa inajaribu kujiridhisha: inatuma ombi dogo kwenye anwani ya msftconnecttest.com, ambako kuna faili lenye maneno matatu tu, Microsoft Connect Test. Maneno yakirudi kama yalivyo, inasema intaneti ipo. Yakirudi mengine, kwa mfano ukurasa wa kukwambia uongeze salio, inajua umezuiliwa njiani. Ni njia nzuri, ila inajibu swali la Microsoft. Swali letu sisi ni jingine: je, seva yetu inafikika?

Kwa hiyo programu yetu inapiga hodi yenyewe. Hilo neno ni langu, kijana alikuwa na neno lake nikamwambia tuite hodi, naye sasa anaita hodi. Likija tangazo lolote la mabadiliko, programu inapiga hodi kwenye seva yetu, na seva lazima iitike kwa neno walilokubaliana wao wawili. Ikiitika kitu kingine, hiyo siyo seva, ni ukurasa wa bando. Isipoitika ndani ya sekunde kumi, programu inaacha kusubiri, inarudia baada ya sekunde 2, kisha 4, kisha 8, inaongeza hivyohivyo mpaka ifike dakika 5. Na hapa ndipo faida ya kusikiliza inapoonekana. Kama iko katikati ya zile dakika tano na ghafla waifai ikashika, haingoji dakika zitimie. Inasikia tangazo, inapiga hodi palepale.

Lililonigusa zaidi ni lile la ankara. Ukibonyeza Hifadhi sasa, mauzo yanaandikwa kwanza ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye faili la kumbukumbu linaloitwa SQLite, na ankara inapewa namba yake palepale kabla haijaenda popote. Hakuna kiduara. Risiti inatoka, mteja anaondoka. Kutuma kwenye seva ni kazi ya nyuma ya pazia. Na kama ankara imefika lakini jibu likapotea njiani, programu itaituma tena, seva itaiona namba ileile na kusema ninayo tayari. Sisi tunaosafirisha mizigo kwa mabasi tunalijua hili. Kifurushi kimefika Newala, ila simu ya kusema kimefika haikuingia. Ukituma kingine kwa wasiwasi, umetuma mara mbili. Ukiandika namba juu ya kifurushi, anayepokea atajua.

(Risiti ya EFD, ile ya kodi, inatoka kwenye mashine yake, hiyo ni habari nyingine na siigusi hapa.)

Siku ya kuikabidhi nilimwambia akae pembeni niipime mwenyewe, nikiwa na saa ya simu mkononi.

Nilichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta. Maandishi ya chini ya skrini yalibadilika kabla sijainua kichwa. Nikaurudisha, yakabadilika tena. Kisha nikauacha huo waya mahali pake, nikachomoa ule unaoingia kwenye ruta kutoka nje, kwa sababu huo ndio mtihani wenyewe: kompyuta bado inaiona ruta, taa zinawaka, lakini nyuma hakuna kitu. Hapo ilichukua kama sekunde ishirini, na ikaandika: "Ruta ipo, intaneti hakuna." Niliuza vitu vitano katika hali hiyo, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wa siku ya soko. Vyote vilikwenda. Chini pakaandikwa: "Ankara 5 zinasubiri, ya kwanza tangu saa 4:12." Nikarudisha waya. Ikawa nne, mbili, hakuna. Nikaingia kwenye seva kuzihesabu, zilikuwa tano.

Huo mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini ndio naupenda kuliko kitu chochote kwenye programu hii. Kwanza ni maneno, siyo taa ya rangi. Kijana alikuwa ameweka kitone cha kijani na chekundu, nikamwambia mjomba wangu anayekaa kaunta jioni hazitofautishi hizo rangi mbili, akaweka maneno. Pili, hauniambii tu kwamba mtandao haupo, unaniambia nina ankara ngapi zisizofika na tangu saa ngapi. Binti wa kaka yangu anayesimamia Newala ananipigia: "Shikamoo shangazi, imeandika saba zinasubiri tangu asubuhi." Nikisikia hivyo najua hali yote. Zamani angeniambia mtandao unasumbua, tukaishia hapo.

Jaribio ambalo ilishindwa ni la kuifunika laptopu. Newala wakienda kula wanaifunika, inalala, na wakiifunua pengine iko kwenye hotspoti ya simu nyingine kabisa. Mwanzoni ilikuwa inaamka na kuendelea kuandika hali ya kabla ya kulala, kwa dakika kadhaa. Nilimwonyesha, akasema Windows hutangaza hata kuamka, ni yeye ndiye hakusikiliza. Baada ya siku mbili akaleta toleo jingine, na sasa ikifunuliwa jambo la kwanza ni hodi.

Wiki za mwanzo pia kulikuwa na kelele. Nilikuwa nimemwomba aweke mlio mtandao ukikata. Ikifika jua kali la mchana, Newala mtandao wa simu unakuja na kuondoka kila baada ya nusu dakika, na laptopu ikawa inalia kama mtoto mwenye njaa, wateja wanageuka kutazama. Sasa inangoja sekunde nane kabla ya kutangaza kwamba umekata, na ukirudi ndani ya hizo sekunde nane hakisemwi kitu. Kazi ya nyuma inaendelea kama kawaida, ni sisi tu ambao hatusumbuliwi. Mlio tuliuondoa.

Lililonikasirisha kweli ni bando. Kule Newala tunatumia hotspoti ya simu, na bando la wiki likaisha siku ya pili. Kumbe programu, kila ilipoona mtandao umerudi, ilikuwa inashusha orodha nzima ya bidhaa pamoja na picha zake, kubwa kubwa, picha ambazo hakuna mtu dukani anazihitaji, chupa zenyewe ziko rafuni. Hili naliona ni kosa la kufikiri, siyo la kuandika programu: mtu wa mjini mwenye waya hukumbuki kwamba mwenzako analipia kila megabaiti. Niliongea naye kwa ukali kidogo, na alipokea vizuri. Windows ina sehemu ya kuuwekea mtandao alama kwamba unalipiwa kwa kipimo. Sasa programu ikiikuta alama hiyo inatuma ankara na kushusha bei zilizobadilika tu, picha zinangoja. Ila ile alama ilibidi tuiweke kwa mkono kwenye mipangilio ya ile laptopu, na mkibadilisha simu ya hotspoti lazima muiweke upya. Binti alisahau mara moja, tukalipia.

Kuna na saa ya laptopu. Betri ndogo ya ndani imekufa, ikizimika kabisa inarudi nyuma miaka, na ankara zilizouzwa bila mtandao zilikuwa zinakuja na tarehe ya ajabu. Siku hizi seva inaandika na saa iliyozipokea, na tofauti ikiwa kubwa inaniuliza. Hilo limekwisha.

Ambalo halijaisha ni hili. Julai tulibakiwa na bomba moja la injini la aina ambayo wakulima wanaipenda. Lilikuwa stoo ya Mtwara, lakini wakati ule programu iliruhusu tawi kuuza mali iliyoko upande wa pili hata bila mtandao, mteja akailipia na kuipokea kesho kwa basi. Newala hawakuwa na mtandao tangu asubuhi. Laptopu yao ilikuwa inajua habari za jana: bomba moja lipo. Saa 5 wakaliuza. Saa 5 na nusu mimi hapa nikaliuza. Saa 8 mtandao wa Newala ukarudi, ankara yao ikaja, na programu ikaniandikia kwa maneno mekundu kwamba bomba limeuzwa mara mbili, ikaonyesha nani aliuza, wapi, saa ngapi. Nashukuru ilisema. Ya zamani ingeniandikia stoo ni hasi moja na kuninyamazia. Lakini kusema hakukumpa mtu bomba. Niliagiza jingine kutoka Dar es Salaam, mteja wa Newala akangoja siku tatu katika msimu ambao siku tatu ni maua kuungua na ubwiriunga.

Kijana aliniambia ukweli wake bila kuzunguka: hakuna ujanja wa programu utakaozifanya kompyuta mbili zisizosikilizana zikubaliane juu ya kitu kimoja kilichobaki. Ama unazuia kuuza mpaka mtandao uwepo, ama unakubali kwamba siku moja mtagongana. Nilimwuliza kama haiwezekani programu, ikijua haina mtandao, angalau imwonye muuzaji kwamba hesabu anayoiona ni ya zamani. Akasema inawezekana, na ameiweka: sasa ukiwa nje ya mtandao, mbele ya idadi ya kila bidhaa pameandikwa "kama ilivyokuwa saa" na saa yenyewe. Inasaidia. Binti anapoona ni ya tangu jana jioni, ananipigia simu kwanza kama bidhaa ni moja au mbili.

Wenye duka moja na daftari linalotosha sioni kwa nini waingie gharama hii. Wenye tawi la pili, na hasa kama tawi liko mahali mnapotegemea hotspoti, nawashauri wamwombe fundi wao yeyote achomoe waya wa nje wa ruta mbele ya macho yao, siyo ule wa kompyuta, kisha wauze vitu vitano. Kama kiduara kinazunguka, wasilipe bado.

Kwa habari ya mabomba, tumeafikiana hivi na binti na kijana: kila tawi limegawiwa mali yake na haliwezi kuuza ya mwenzake likiwa nje ya mtandao. Kuhamisha kutoka huku kwenda kule kunataka mtandao uwe mzima pande zote mbili, na programu inapiga hodi kwanza ndipo ikubali. Leo asubuhi Newala ina mabomba manne. Hayo ni ya kwao.